Viazi Kidogo, Viazi Vidogo

Mwanzoni mwa 2014 nilikuwa nasubiri matokeo ya kidato cha nne, na kwetu anayesubiri matokeo hapumziki, anatafutiwa kazi. Mimi nilipelekwa kwenye stoo ya viazi ya baba mdogo, Uyole, Mbeya, hatua chache kutoka njia panda inayokata kwenda Tukuyu. Nilikuwa karani. Naandika gunia ngapi zimeshuka kutoka Kikondo na Igoma, ngapi zimepakiwa, nani kalipa, nani kaahidi. Kazi ya pili sikuambiwa mapema. Ilikuwa Kiingereza.

Baba mdogo alikuwa na mteja mmoja mwanamke, mtu wa Lusaka, aliyekuwa akija mpaka Nakonde, upande wa Zambia wa mpaka wa Tunduma, kufuata mzigo. Nakonde yenyewe Kiswahili kinatembea kama Tunduma tu, lakini yule mama hakukijua. Alituma ujumbe kwa Kiingereza, na kabla yangu ulikuwa ukisomwa na yeyote aliyepita barabarani akionekana ana sura ya shule.

Asubuhi moja ya ukungu, ule wa Uyole unaokufanya usione hata lori lililowasha taa, simu ikalia. Mama anauliza kama viazi bado vipo. Baba mdogo akageuza shingo, akatazama stoo. Zilikuwepo gunia kumi na mbili.

"Mwambie vipo kidogo."

Nikaandika: "Yes, there are little potatoes." Nakumbuka nilivyojisikia. "There are" yangu ilikuwa imenyooka, maana mwalimu alitupigia kelele miaka miwili juu ya "there is" na "there are".

Jibu lilikuja haraka. Hataki vidogo. Anauzia watu wa chipsi, anataka vikubwa, na kama tumebakiza vidogo tuvipande shambani.

"Baba mdogo, anasema hataki vidogo."

"Nani kamwambia vidogo? Mimi nimesema kidogo!"

Tukatazamana. Kwa Kiswahili hakuna mtu anayechanganya hayo mawili. Viazi vidogo ni vile vya ukubwa wa yai, ambavyo wakulima wetu huvitenga kwa ajili ya mbegu. Viazi kidogo ni viazi vyovyote, hata kama kila kimoja ni kama ngumi, ila havijai stoo. Kiambishi kimoja tu: "vi-" inashika kiazi chenyewe na kupima mwili wake, "ki-" inakaa pembeni na kupima wingi wa vyote. Mtoto wa miaka mitatu anajua. Nami nilikuwa nimezichukua zote mbili nikazitia kwenye neno moja la Kiingereza, "little", nikadhani lina sehemu mbili kama letu.

Kumbe lina sehemu mbili kweli, ila mlango wake uko kwingine. "Little" ikikaa mbele ya kitu kisichohesabika, kama maji au unga, inapima wingi. Ikikaa mbele ya vitu vinavyohesabika, inapima mwili. "Little water" ni maji haba. "Little potatoes" ni viazi vidogo. Ukitaka kusema viazi ni haba lazima uache "little" uende kwa "few". Yaani Mwingereza, kabla hajakwambia kitu ni kingi au kichache, kwanza anajiuliza: kitu hiki kinahesabika? Sisi swali hilo hatujiulizi. Sisi tunauliza kitu hiki ni cha ngeli gani, basi. Maji ni mengi, mahindi ni mengi, mambo ni mengi, na hakuna anayejali kwamba maji hayahesabiki na mambo yanahesabika.

Ndiyo maana darasani tulimcheka mwalimu siku alipotufundisha "much" na "many". Aliandika ubaoni safu mbili. Kwenye "many": vitabu, mbuzi, miti. Kwenye "much": maji, sukari, mchanga, na chini kabisa akaandika pesa. Darasa zima likalipuka. Pesa? Kitu ambacho watu hukihesabu usiku wamefunga mlango? Mwenzetu mmoja, mama yake alikuwa na genge Mwanjelwa, akasimama na kusema kwamba kwao pesa zinahesabiwa mara mbili, jioni na alfajiri. Mwalimu akasubiri tumalize kucheka, kisha akasema: mnahesabu shilingi, hamhesabu pesa, jaribuni kusema pesa moja, pesa mbili. Tukajaribu. Ilisikika vibaya hata kwa Kiswahili. Tukanyamaza, lakini si kwamba tulikubali.

Safu hiyo ya "much" ina wenyeji wengine ambao Watanzania hatujawasamehe mpaka leo. Habari, ushauri, mizigo ya safari, fanicha, vifaa: kwetu vyote vina umoja na wingi au angalau tunavihesabu bila wasiwasi, na kwa Kiingereza vyote ni uji. Ndiyo maana barua zetu za maofisini zimejaa "informations" na "equipments", na anayezisahihisha huwa na kiburi kidogo ambacho nadhani hakistahili. Samani ni viti na meza. Anayeona haviwezi kuhesabika ndiye anayepaswa kujieleza.

Turudi stoo. Kesho yake nilijirekebisha. Nikamwandikia mama wa Lusaka kwamba sikuwa na maana ya viazi vidogo, viazi ni vikubwa, na kwamba "we have few bags". Nilikagua mara tatu: gunia zinahesabika, kwa hiyo "few". Sawa.

Kimya. Siku nzima, na ya pili. Siku ya tatu baba mdogo akampigia na kunikabidhi simu, na yule mama akasema kwa upole kabisa kwamba mzigo ameshaupata Tunduma kwa mtu mwingine, kwa kuwa sisi tulimwambia hatuna.

"Hatukusema hatuna," nikamwambia.

"You said few."

Siku ile sikuelewa kosa liko wapi. Aliyenieleza ni yule yule mwalimu wa pesa zisizohesabika, niliyemkuta wiki hiyo kwa mama ntilie karibu na stendi ndogo, anakunywa chai na chapati. Nilimsimulia. Hakucheka. Akasukuma kikombe chake katikati ya meza, kikiwa kimebakiza kama vidole viwili vya chai.

"Ukisema 'little tea', unalalamika. Ukisema 'a little tea', unashukuru. Chai ni hii hii."

Mama ntilie, ambaye alikuwa akisikiliza huku anageuza chapati, akauliza: "Kwani chai yangu ina nini, mwalimu?"

Ikabidi tumweleze na yeye. Kwamba Waingereza wana herufi moja, "a", na ikikaa mbele ya "few" au "little" inageuza moyo wa msemaji bila kugusa idadi. "Few bags": nilitarajia zaidi, hizi hazifai hata kuzungumziwa. "A few bags": si nyingi, lakini zipo, njoo. Gunia kumi na mbili zilizokuwa nyuma yangu zilikuwa zile zile. Nilichomtumia mama wa Lusaka hakikuwa hesabu. Nilimtumia huzuni yangu, naye kama mfanyabiashara mwenye akili akaenda kwa mtu mwenye furaha.

Mama ntilie akasema mbona hata sisi tunayo hiyo. Akatuonyesha. "Chai ipo kidogo," kwa sauti fupi, kichwa kinainama mbele kidogo, maana yake kaa nikumiminie. "Chai ipo kidooogo," akaivuta "o" na kubana vidole viwili, maana yake usinisumbue, hii ni ya mtu. Kisha akaongeza ya tatu ambayo sikuwahi kuifikiria: "Chai ipo ipo." Ukirudia neno, kitu kinakuwepo kwa namna ya kusuasua, kinatosha kwa aliye mvumilivu.

Niliondoka pale nikiwa na furaha ya ajabu kwa mtu aliyepoteza mteja. Tofauti ambayo Mwingereza anaiweka kwenye herufi, sisi tunaiweka kooni na vidoleni. Baba mdogo aliposema "vipo kidogo" alisema kwa sauti fupi. Niliisikia. Ila kwenye ujumbe wa simu sauti haiendi, na kitu pekee cha kuibeba kilikuwa ile "a", nami niliiona kama kipande cha takataka kinachoweza kuachwa.

Tangu hapo nimekuwa mtu wa kunusa maneno ya wingi. "Too much", kwa mfano. Watu wetu wanaipenda mno. Nimesikia mwenye harusi Soweto, Soweto ya Mbeya, akishukuru wageni wa nje kwa kipaza sauti, "thank you too much", na wageni wakitabasamu kwa mashaka, maana wameambiwa shukrani imepita kiasi na huenda sasa ina madhara. Kosa hilo mimi siliiti la ujinga. Kiswahili kina "sana" na kina "mno", na siku hizi "mno" imelainika, tunasema "nimefurahi mno" bila kumaanisha nimefurahi kupita inavyotakiwa. Msemaji anachukua "mno" yake iliyolainika, anaitafsiri kwa "too" ambayo haijalainika. Bibi yangu mzaa mama, Mnyakyusa, yeye yote hiyo aliimaliza kwa neno moja: "ndaga fijo". Hiyo "fijo" ni sana, na ukiirudia ni sana zaidi, na haijawahi kumtia mtu mashaka.

Yule mama wa Lusaka alirudi, namshukuru Mungu, mwezi wa sita baridi ilipokuwa kali na viazi vya Uporoto ni vizuri. Safari hii akaandika kwamba watu wa mjini kwake wanamwomba "tons of potatoes". Baba mdogo akaruka. Tani! Akaanza kuhesabu kwa sauti: Fuso moja, labda Fuso mbili, nani atamkopesha. "Muulize tani ngapi." Nikauliza. Akajibu kwa vicheko vya maandishi kwamba anaongeza gunia tano juu ya zile kumi za kawaida.

Kumbe "tons of" kwao ni vingi tu, kama sisi tunavyosema watu walikuwa chungu nzima. Hakuna anayekwenda kuitafuta hiyo chungu aipime. Na kama umewahi kujiuliza kwa nini si "chungu kizima", ni kwa sababu hiyo chungu si ya kupikia. Ni neno jingine, la ngeli nyingine, maana yake lundo. Waingereza nao wana "heaps of", malundo ya. Mlima mmoja, wameupanda kutoka upande wao na sisi tumeupanda kutoka wetu.

Jambo lililonikalia kichwani zaidi lilikuja na swali lake la pili: "How many pockets in your bag?"

Nilisoma mara mbili. Mifuko mingapi kwenye gunia lako. Nilijua "pocket" ni mfuko wa suruali. Nikatazama gunia kama lina mfuko ubavuni. Baadaye ndipo nikajua kwamba kwao Zambia, na hata Afrika Kusini, viazi huuzwa kwa kifuko cha kilo 10, na jina lake ni "pocket". Na kumbe ndiyo maana ya asili ya neno lenyewe: kifuko, mtoto wa mfuko, kutoka Kifaransa cha zamani cha kaskazini. Suruali ilikuja kuazima baadaye. Kiswahili hakikuhitaji safari yote hiyo. Kwetu mfuko wa shati, mfuko wa saruji na mfuko wa viazi ni neno moja tangu zamani, na hakuna aliyewahi kujaribu kutia saruji kwenye shati.

Lakini swali lilikuwa gumu kwa sababu nyingine. Gunia letu lina kilo ngapi?

Kwa mtu asiyetoka nyanda za juu, hapa nieleze. Gunia la viazi kwetu halikuishia kwenye mdomo wake. Lilijazwa pomoni, kisha juu ya mdomo viazi vikapangwa kama kichuguu, vikazungushiwa kamba iliyofumwa kama wavu, mpaka gunia likawa na kichwa. Hiyo ndiyo lumbesa. Mnunuzi anailipa kama gunia moja. Mkulima anaikubali kwa kuwa lori liko shambani kwake, njia ni matope, na asipokubali yeye atakubali jirani. Sheria ya Vipimo, Sura 340, haitaki gunia la mazao lipite kilo 100, na Wakala wa Vipimo wamekuwa wakiipigia kelele lumbesa miaka nenda miaka rudi. Lakini neno "gunia" liko upande wa mnunuzi. Halisemi uongo. Lumbesa ni gunia. Gunia ni gunia.

Zamani nilidhani hii ni aibu yetu peke yetu. Kisha nikaanza kusoma vipimo vya Waingereza wenyewe, wale wa "a" na "the", na nikakuta lumbesa kila kona. Wana kipimo kinaitwa "hundredweight", yaani uzito wa mia. Nchini Uingereza mia hiyo ni ratili 112. Wamarekani wakakataa nyongeza, ya kwao ni ratili 100 kamili. Kwa kuwa tani ni mia hizo ishirini, tani ya Mwingereza ikawa ratili 2,240, kama kilo 1,016, na ya Mmarekani ratili 2,000, kama kilo 907, na ile ya kilo 1,000 tunayoijua sisi imekaa katikati inawatazama wote wawili. Bilioni nayo: mpaka 1974 serikali ya Uingereza ilikuwa ikimaanisha milioni mara milioni, ndipo ikakubali hesabu ya Marekani ya milioni elfu moja. Bilioni ikapungua mara elfu kwa siku moja na hakuna aliyelia. Sisi tuna laki, tuliyopewa na Wahindi, ambayo Kiingereza cha yule mama hakikuwa nayo kabisa. Kila nikiandika bei ya laki saba ilinibidi nizunguke mpaka "seven hundred thousand", na katikati ya safari napoteza sifuri.

Ninayoipenda kuliko zote ni dazeni ya mwoka mikate. Kwa Kiingereza "baker's dozen" si 12, ni 13. Katika karne ya 13, zamani za mfalme Henry III, kulikuwa na sheria ya uzito wa mkate na kipimo cha bia, na aliyepunja aliadhibiwa. Simulizi maarufu ni kwamba waokaji, wakiogopa kupungukiwa, wakawa wanaongeza mkate mmoja juu ya kumi na mbili ili wawe salama. Nilipoisoma nilicheka peke yangu. Nyongeza ya kwao ilitoka kwa hofu ya sheria, ikaenda kwa mlaji. Ya kwetu inatoka kwa mkulima licha ya sheria, na inaishia njiani.

Kuna mengine ningeweza kuyaeleza. Kwamba "-refu" yetu inatosha mti, mlima na barabara, lakini Mwingereza anataka "tall" kwa mti, "high" kwa mlima, "long" kwa barabara, hivyo ukiwa Tukuyu ukatazama Rungwe, mita 2,960 hivi, lazima ubadilishe neno kila ukihamisha jicho. Kwamba chane ya ndizi wanaiita mkono, na kila ndizi kidole, na hapo kwa kweli wametushinda kwa uzuri. Lakini nisipotee. Lile swali la mama wa Lusaka lilikuwa halijajibiwa.

Baba mdogo akaazima mizani kwa jirani, ile ya kuning'iniza, tukaifunga kwenye boriti. Vijana wawili wakalinyanyua gunia moja lililoshuka asubuhi ile. Mwenye gunia alikuwepo: mzee mmoja wa Kikondo, kakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, kofia ya sufu mpaka kwenye nyusi, anasubiri malipo yake. Sindano ikatetemeka, ikatulia.

134.

Hakuna aliyesema kitu. Kijana mmoja akaigonga mizani kidogo kwa kidole, kama mtu anayeamsha mgonjwa. Sindano haikusogea.

"Ameuliza kilo ngapi?" baba mdogo akaniuliza, ingawa alijua.

"Ngapi kwenye gunia."

"Andika mia na kidooogo," akasema, akaivuta kweli kweli.

Nikaandika: "A hundred and a little." Sikuisahau "a" safari hii. Nikatuma.

Yule mzee akanyanyua uso. "Umemwandikia ngapi, mwanangu?"

"Shikamoo, mzee. Nimeandika mia na kidogo."

"Marahaba." Akatazama mizani, kisha akatazama kichwa cha gunia, zile kamba alizozifuma mwenyewe usiku wa jana. "Hizo za juu ni debe mbili. Nimezijaza mwenyewe."

Simu ikalia mkononi mwangu. Ilikuwa "OK".